Ulemavu wa viungo: njia za kupinga uamuzi wa fidia kwa wanajeshi wa zamani wa Marekani

Mwanajeshi wa zamani wa Marekani ambaye dai lake la fidia ya ulemavu wa goti, nyonga au bega limekataliwa, au limepewa asilimia ndogo, ana njia tatu za kupinga uamuzi huo. Utaratibu huu umewekwa na sheria ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika tarehe 19 Februari, 2019.

Njia ya kwanza ni dai la nyongeza, linaloambatana na ushahidi mpya unaohusiana na shauri. Ya pili ni mapitio ya afisa mwandamizi, ambapo ushahidi mpya haupokelewi. Ya tatu ni rufaa kwa jaji wa Bodi ya Rufaa za Wanajeshi wa Zamani. Mapitio na rufaa huombwa ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi. Dai la nyongeza hupokelewa hata baada ya hapo, lakini anayechelewa huweza kupoteza malimbikizo yanayohesabiwa tangu dai la awali.

Kabla ya kuchagua njia, mwombaji anashauriwa kusoma sababu zilizotajwa katika barua. Iwapo kilichokosekana ni uthibitisho kwamba maradhi yalitokana na utumishi jeshini, maoni ya daktari yenye maelezo ya kina ndiyo yanayohitajika, na dai la nyongeza ndilo linalofaa. Nyonga iliyoathirika kutokana na goti lililoumia jeshini nayo huweza kufidiwa.

Iwapo kinachopingwa ni asilimia, ripoti ya uchunguzi wa kitabibu ikaguliwe kwa makini. Goti lisiloweza kukunjwa kupita nyuzi 45 hupewa asilimia 10. Likiishia nyuzi 30, asilimia 20. Na likiishia nyuzi 15, asilimia 30. Hata hivyo, vipimo hivyo pekee havitoshi. Uamuzi wa mahakama wa mwaka 2016 unataka maumivu yapimwe kiungo kikiwa kimebeba uzito na kikiwa hakijabeba, na mwingine wa mwaka 2017 unataka mtaalamu akadirie hali ya kiungo maumivu yanapozidi. Ripoti isiyogusa mambo hayo ni hoja halali ya rufaa.

Asiyeridhika na uamuzi wa Bodi anaweza kwenda Mahakama ya Rufaa za Madai ya Wanajeshi wa Zamani ndani ya siku 120.