Baiskeli ya umeme ya milimani: Kuhama kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya

Toleo jipya la baiskeli ya umeme ya milimani linapoingia sokoni, la zamani hushuka bei, na hapo ndipo wafanyabiashara na kampuni za utalii huona nafasi ya kununua. Hata hivyo, baiskeli hizi haziendeshwi kibiashara kama zile za kawaida, ambazo fundi wa mtaani huchanganya vipuri vya aina tatu na ikatembea. Betri, mota, chaja na skrini ni mfumo mmoja. Mfumo ukibadilika, vipuri vya mwanzo havihamii kwenye wa pili.

Makala hii inaeleza tofauti kati ya baiskeli ya zamani na mpya kwa kutumia mfano wa mfumo wa Bosch wa Ujerumani, pamoja na mambo ya kuzingatia katika usafirishaji na forodha.

Ni chombo gani?

Ni baiskeli yenye pedali, matairi mapana na springi mbele, mara nyingi na nyuma. Mota imefungwa katikati ya fremu na husaidia pale tu mwendeshaji anapokanyaga. Kwa sheria za Ulaya, nguvu endelevu ya mota haizidi wati 250 na msaada wake hukatika mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa.

Kwa sababu hiyo, baiskeli mpya iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya haina kasi zaidi ya ile ya zamani. Kinachoongezeka ni uwezo wa kupanda mlima na ukubwa wa betri.

Nini kimebadilika?

Mota ya Bosch ya milimani ya katikati ya miaka ya 2010 ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4 na nguvu ya kuzungusha ya Newton-mita 75. Betri zilizokuwa za kawaida wakati huo ni za wati-saa 400 na 500. Spoketi yake ya mbele ni ndogo na ya aina ya pekee, kwa kuwa huzunguka mara mbili na nusu kila pedali inapozunguka mara moja.

Mota iliyotangazwa mwaka 2019 ilipungua hadi kilo 2.9 na kurudi kwenye spoketi ya ukubwa wa kawaida. Mwaka 2020 nguvu yake ilipandishwa hadi Newton-mita 85 kwa kubadilisha programu.

Mwaka 2021 kampuni hiyo ilitangaza mfumo mpya unaounganishwa na simu, wenye betri ya wati-saa 750. Huo ndio mpaka ambao mnunuzi anapaswa kuujua. Betri, chaja na skrini za kabla ya mfumo huo hazifanyi kazi kwenye mfumo mpya, na za mfumo mpya hazifanyi kazi kwenye baiskeli za zamani. Jina la mota linaweza kuwa lile lile kwenye tangazo la muuzaji, lakini mifumo ikawa miwili tofauti.

Betri ndiyo bei

Uwezo wa betri hupatikana kwa kuzidisha volti na ampea-saa. Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 13.9 ina takriban wati-saa 500. Namba hiyo ni ya siku ilipotoka kiwandani. Betri ya lithiamu hupungua uwezo kwa kuchajiwa mara nyingi, kwa joto, na kwa umri hata ikiwa imekaa stoo.

Tuchukue barabara ya Mombo hadi Lushoto, yenye mwinuko wa takriban mita 1,000. Mwendeshaji wa kilo 75 na baiskeli ya kilo 25 ni kilo 100. Kuuinua mzigo huo mita 1,000 kunahitaji takriban wati-saa 272, kabla ya kuhesabu msuguano wa matairi na nishati inayopotea kama joto ndani ya mota. Miguu ya mwendeshaji hubeba sehemu ya kazi hiyo, na betri hubeba iliyobaki.

Betri ya wati-saa 500 iliyobakiwa na asilimia 60 ya uwezo wake ina wati-saa 300. Mgeni mzoefu atafika nayo. Mgeni asiye na mazoezi, anayetumia msaada wa juu kabisa, anaweza kuishiwa njiani, na kampuni ikalazimika kutuma gari. Betri ya wati-saa 750 inapanda na kubakiza akiba ya safari nyingine.

Kwa hiyo, hesabu sahihi ya baiskeli ya zamani ni bei ya muuzaji, kujumlisha bei ya betri mpya inayolingana na mfumo wake, kujumlisha gharama ya kuifikisha betri hiyo. Jumla ikikaribia bei ya baiskeli ya mfumo mpya, punguzo ulilopewa ni la macho tu.

Usafirishaji

Gharama ya kuifikisha betri ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Betri za lithiamu ni bidhaa hatari za daraja la 9.

Abiria wa ndege haruhusiwi kubeba betri ya akiba inayozidi wati-saa 160, kwenye begi la mkononi wala la kupakiwa. Betri ya baiskeli yenye wati-saa 400 au 750 iko mbali na kiwango hicho. Anayemwagiza ndugu aje nayo kutoka Ulaya aelewe kwamba itaishia kwenye ukaguzi.

Betri inayosafiri peke yake kama mzigo hutamkwa kwa namba UN 3480. Tangu mwaka 2016 haipakiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria. Kwenye ndege za mizigo hupakiwa ikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Baiskeli yenye betri ya lithiamu ndani yake sasa ina namba yake, UN 3556, badala ya UN 3171 iliyotumika zamani. Nyaraka za zamani zisinakiliwe bila kuangaliwa upya.

Betri iliyovimba, kupasuka au kuonekana na kasoro hairuhusiwi kusafirishwa kwa ndege kabisa. Aidha, betri iliyokufa inaweza kuhesabiwa kuwa taka. Tangu Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka nchi inayopokea taka za elektroniki itoe ridhaa kabla hazijavuka mpaka.

Kwa wanaotumia malori na mabasi, betri ifungwe vituo vyake visigusane na chuma, isikandamizwe na mizigo, na isiachwe kwenye jua kali.

Forodha

Baiskeli yenye mota ya umeme huingia kwenye namba ya ushuru 8711.60, pamoja na pikipiki za umeme. Baiskeli isiyo na mota ni 8712. Betri ya lithiamu inayoingia peke yake ni 8507.60. Kuitamka ya umeme kama ya kawaida ni kujitafutia faini.

Chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, kodi hulipwa katika nchi mzigo unakokwenda kabla haujaachiwa kutoka bandari ya kwanza ya kuingilia. Viwango vya ushuru hupitiwa kila mwaka wa fedha unapoanza Julai, hivyo muulize wakala wako kabla ya kuagiza, si baada ya meli kutia nanga.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Baiskeli ni ya mfumo upi, na betri yake bado inapatikana dukani?

2. Fundi amepima uwezo uliobaki wa betri? Omba karatasi ya vipimo yenye namba ya betri.

3. Betri imechajiwa mara ngapi, na ilihifadhiwa vipi? Iliyokaa miezi mingi bila chaji huenda isifufuke.

4. Mwenye baiskeli ya mfumo mpya ameiondoa kwenye akaunti yake ya simu na kufungua kufuli la mota? Asipofanya hivyo, mota haitasaidia hata kama baiskeli ni yako.

5. Namba za fremu, mota na betri zimeandikwa kwenye ankara?

6. Muhtasari wa majaribio ya UN 38.3 upo? Wasafirishaji wengi watauomba.

Muuzaji anayejibu yote sita kwa karatasi anastahili kusikilizwa bei yake. Anayesema tu kwamba betri "bado nzima" alipwe bei ya baiskeli isiyo na betri.