Injini kubwa kwenye gari dogo: historia ya magari ya misuli ya Marekani

Muulize mpenzi wa magari kuhusu yale magari ya misuli ya Kimarekani ya miaka ya 60, atakutajia nguvu: injini ya V8, mlio wa ekzosi, tairi zinazotoa moshi. Ni kweli, ila hiyo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni vipimo. Magari haya yalizaliwa kwa sababu injini kubwa iliweza kukaa mahali palipotengenezewa injini ndogo. Na mpaka leo mafundi wanashusha na kupandisha injini kwenye magari hayohayo kwa sababu ileile.

Kwa hiyo leo tufungue boneti tuisome historia hii kutokea ndani. Halafu tuulize swali ambalo wengi hulirukia: nguvu zote zile, bili yake alilipa nani?

Kabla ya misuli: vijana na Ford chakavu

Mwaka 1932 Ford walitoa gari la bei ya kawaida lenye injini ya V8. Kabla ya hapo, silinda nane zilikuwa kitu cha matajiri, kwa sababu bloku yake ilikuwa ngumu na ghali kutengeneza. Ford walifanikiwa kuimimina kama kipande kimoja, tena kwa wingi. Ilikuwa na ujazo wa lita 3.6 na nguvu za farasi 65. Leo hizo ni nguvu za kigari kidogo cha mjini, lakini kwa wakati ule zilikuwa habari kubwa.

Miaka michache baadaye injini hizo zikaanza kupatikana kwenye yadi za magari chakavu. Vijana wa California wakachukua magari mepesi ya zamani, wakang'oa madigadi na kila kisichohitajika, wakapachika V8, wakaenda kushindana kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Hapa ndipo fizikia ya shule inapofanya kazi. Kanuni ya pili ya Newton inasema mchapuko ni kani gawanya kwa tungamo. Ongeza kani, punguza uzito, na gari litaruka. Hawa vijana walikuwa wanafanya yote mawili kwa mpigo.

Injini ile ilikuwa na udhaifu mmoja. Valvu zake zilikaa ubavuni mwa silinda, ndani ya bloku. Hewa ilipita njia ya kona kona, na moshi wa moto ulipita katikati ya bloku ukaipasha joto. Mwaka 1949 Oldsmobile na Cadillac wakatoa V8 mpya zenye valvu juu, kwenye silinda hedi. Hewa ikapata njia nzuri, na mgandamizo ungeweza kupandishwa. Unadhani vijana walifanya nini? Wakazishusha kutoka kwenye magari ya wakubwa, wakazipandisha kwenye Ford zao.

Kisha ukaja mwaka 1955. Chevrolet, chini ya mhandisi Ed Cole, wakatoa V8 ndogo na nyepesi ya lita 4.3. Kitu cha kukumbuka kuhusu injini hii ni umbali kutoka kitovu cha silinda moja hadi kitovu cha jirani yake: inchi 4.4, yaani karibu milimita 112. Injini ilikua hadi lita 4.6, ikafika 5.4, ikafika 5.7, lakini umbali ule haukuguswa. Yaani tumbo liliongezeka ila shati likabaki saizi ileile. Kwa fundi hiyo ni dhahabu, kwa sababu spea nyingi za mwaka mmoja zinaingia kwenye injini ya mwaka mwingine.

1964: kiwanda chenyewe chabadilisha injini

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Mwanzoni mwa 1963 wakuu wa General Motors waliamua kampuni zake zijiondoe kwenye mashindano ya magari. Pia kulikuwa na sheria ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330, ambazo ni kama lita 5.4.

Pale Pontiac, mhandisi mkuu John DeLorean na wenzake Bill Collins na Russell Gee walikuwa wakilifanyia kazi gari la Tempest. Gari hilo lilitumia V8 ya lita 5.3. Lakini Pontiac walikuwa na V8 nyingine ya lita 6.4 kwa ajili ya magari makubwa, na kwa nje injini hizi mbili zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Vishikio vilevile, nafasi ileile. Kilichobaki ni kuitoa moja na kuweka nyingine.

Na ile sheria? Waliizunguka. Sheria ilihusu injini ya kawaida ya gari, kwa hiyo injini kubwa haikuuzwa kama gari jipya bali kama kifurushi cha ziada ambacho mteja anakichagua mwenyewe. Kifurushi hicho kikaitwa GTO. Kilitoa nguvu za farasi 325, au 348 kwa aliyetaka kabureta tatu. Walitarajia kuuza magari 5,000. Mwaka wa kwanza yakauzwa zaidi ya 32,000.

Kwa hiyo gari ambalo wengi hulihesabu kuwa ndilo lililofungua zama za misuli lilikuwa, kwa lugha ya gereji, gari lililobadilishwa injini. Tofauti ni kwamba kazi ilifanyika kiwandani na likaja na waranti.

Washindani hawakulala. Chrysler wakatoa Hemi ya lita 7.0 kwa magari ya barabarani mwaka 1966, nguvu za farasi 425. Wauza magari nao wakaingia uwanjani. Huko Canonsburg, Pennsylvania, Don Yenko alikuwa akiweka injini za lita 7.0 kwenye Camaro, wakati kiwanda kilikuwa kimeishia lita 6.5. Kufikia 1969 aliwashawishi Chevrolet wamfungie injini hizo kiwandani kupitia utaratibu wa oda maalumu. Kwa njia hiyohiyo ya oda maalumu zikatoka Camaro 69 tu zenye bloku ya aluminiamu, zile za ZL1. Leo ni miongoni mwa magari ya Kimarekani yanayosakwa sana na wakusanyaji.

Nguvu zilikotoka

Ujazo mkubwa ni njia moja ya kupata nguvu: hewa nyingi, petroli nyingi, mlipuko mkubwa. Njia ya pili ni mgandamizo. Tukitumia hesabu ya mzunguko wa Otto tunayoisoma kwenye thamodinamiki, injini yenye mgandamizo wa 8 kwa 1 ina ufanisi wa kinadharia wa kama 56%. Ukipandisha hadi 11 kwa 1, unafika kama 62%. Petroli ni ileile, kazi imeongezeka kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana injini kali za zama zile zilikimbilia 10 au 11 kwa 1.

Tatizo ni kwamba mchanganyiko ukigandamizwa sana, sehemu yake hujilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Injini inagonga, na pistoni zinaweza kutoboka. Dawa ilikuwa imegunduliwa tangu 1921 na Thomas Midgley, akiwa General Motors: mchanganyiko wa kikemikali wenye madini ya risasi ndani yake. Ukitia kidogo tu kwenye petroli, kugonga kunapungua.

Lakini risasi haiungui ikapotea. Inatoka kwenye ekzosi, inatua barabarani, kwenye vumbi, kwenye mikono ya watoto. Ni sumu ya mishipa ya fahamu, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Mwaka 1965 mwanajiokemia Clair Patterson aliandika wazi kwamba Wamarekani walikuwa wamebeba risasi mwilini kwa kiwango kinachozidi mno kile cha asili. Viwanda vilimpinga vikali.

Kwa hiyo bili ile hakuilipa mwenye GTO peke yake. Ililipwa na mtoto aliyekuwa akicheza kando ya barabara, ambaye hakuwahi hata kupanda gari hilo. Na tuwe wakweli, magari ya kawaida yalitumia petroli hiyohiyo. Gari la misuli lilikuwa kilele tu cha mfumo mzima.

Kuanguka

Sheria ya Hewa Safi ya 1970 ikabadilisha mchezo. Mwaka 1971 General Motors wakashusha mgandamizo ili injini zao ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo. Mwaka 1975 magari mengi mapya yakafungwa vichujio vya kikemikali kwenye ekzosi, na vichujio hivyo huharibiwa na risasi. Ongeza bima iliyopanda kwa vijana wenye magari makali, ongeza mgogoro wa mafuta wa 1973, zama zikafungwa. Corvette ya kawaida ya 1970 ilitangazwa kuwa na farasi 300, ya 1975 ikatangazwa 165, na ujazo ni uleule wa lita 5.7. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya karatasi tu, kwa sababu kuanzia 1972 injini zilipimwa zikiwa na ekzosi na vifaa vyake vyote, siyo zikiwa tupu mezani. Lakini sehemu nyingine ilikuwa ya kweli.

Na faida? Kati ya 1976 na 1980, wastani wa risasi kwenye damu za Wamarekani ulishuka kwa zaidi ya theluthi moja. Kwetu safari ilichukua muda zaidi: nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, ilimaliza 2021, na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lenye makao yake Nairobi, ndilo lililotangaza. Hebu hesabu: 1921 hadi 2021. Miaka 100 kamili.

Injini mpya, mwili wa zamani

Mwaka 1997 ikatokea injini ya LS1 kwenye Corvette: lita 5.7, bloku ya aluminiamu, farasi 345, mgandamizo uliozidi 10 kwa 1, bila risasi. Iliwezekana kwa sababu ya vyumba bora vya mwako, petroli inayopulizwa kwa kipimo, na kompyuta yenye kihisio kinachosikiliza kugonga. Na umbali kati ya vitovu vya silinda? Inchi 4.4 ileile. Kamshafti yake ni moja tu, katikati ya V, kwa hiyo injini ni nyembamba na inaingia karibu popote. V8 za Ford zenye kamshafti juu ya hedi ni pana, na kuziweka kwenye Mustang ya miaka ya 60 mara nyingi hudai kukata sehemu za mbele zinazoshika shokomzoba.

Anayefanya kazi hii vizuri haanzi na injini, anaanza na breki. Mengi ya magari haya yaliuzwa na breki za dramu kwenye magurudumu yote, na ukiongeza mwendo mara mbili, nishati ambayo breki inapaswa kuimeza inakuwa mara nne. Baada ya breki ndipo zinakuja pampu ya mafuta, redieta, propela shafti na nyaya.

Kuna wanaosema gari la kihistoria lisiguswe, namba ya injini ibaki ile ya kiwandani. Kwa zile Camaro 69 nakubaliana nao kabisa. Lakini kwa gari la kawaida lililokufa injini, LS1 yenye kichujio inaendana na historia kuliko watu wanavyodhani: GTO yenyewe ilianzia hapo. Mwaka 2021 Ford walianza kuuza hata mota ya umeme ya farasi 281 kwa ajili ya kupachikwa kwenye magari ya zamani. Mlio utapotea, hilo ni wazi. Ila safari hii, mtoto aliye kando ya barabara hatavuta moshi wa ekzosi.