Mabepari wa Venisi: Deni Hili ni la Nani?





Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, ilichapishwa tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthiliya mashuhuri ya William Shakespeare. Jina lake la Kiingereza humtaja mfanyabiashara mmoja tu wa mji wa Venisi. Mwalimu, Mkatoliki aliyewahi kufundisha pale Pugu, aliiita Mabepari wa Venisi. Wiki hii napenda tutafakari wingi huo: mabepari, wala si bepari.

Kisa chenyewe wengi mnakijua. Bassanio, kijana wa ukoo bora aliyetapanya mali yake, anataka fedha ili aende kumposa Portia, binti tajiri wa Belmont. Rafiki yake Antonio hana fedha taslimu, kwa kuwa mali yake yote imo merikebuni. Basi anakopa dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji, kwa miezi mitatu. Asipolipa, atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake.

Ukimwuliza msomaji ni nani bepari humo, mara moja atamtaja Shylock. Lakini historia yatutaka tusiharakishe kutoa hukumu. Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179, uliwanyima Komunyo na mazishi ya Kikristo wale waliojulikana wazi kuwa walaji riba. Hata hivyo wafalme na wafanyabiashara hawakuacha kuhitaji mikopo. Wayahudi, ambao katika nchi nyingi za Ulaya walizuiwa kumiliki ardhi na kufanya kazi nyingine nyingi, wakaachiwa mlango huo. Mwaka 1516 serikali ya Venisi iliwatenga katika mtaa wao, na malango yake yakifungwa usiku. Hivyo jamii iliihitaji kazi yao, ikawadharau wao wenyewe. Antonio aliyemtemea Shylock mate ndiye huyo huyo anayekwenda kumkopa.

Mahakamani Shylock anatoa hoja ambayo hakuna anayeijibu. Anawaambia wakuu wa Venisi kwamba wao wanao watumwa waliowanunua, na wanawatumikisha kama punda. Wakiambiwa wawaachie huru, watasema kwamba ni mali yao. Basi na ratili hii ya nyama, asema, ni mali yake, ameinunua. Hoja hiyo haimtakasi Shylock, maana kisu kiko mkononi mwake. Lakini inaonyesha kwamba waliomhukumu nao walikuwa na nyama ya watu katika hesabu zao.

Sisi wa Bunju tunaoishi kando ya barabara ya Bagamoyo hatuna haja ya kwenda Venisi kuyaona hayo. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliishia Bagamoyo. Tippu Tip, kiongozi wa misafara aliyejulikana kuliko wote, alikopeshwa mtaji na Taria Topan, tajiri wa Unguja. Pembe zilisafirishwa hadi Ulaya na Marekani, zikatengenezwa vibao vya piano. Aliyetoa mkopo hakumfunga mtu mnyororo. Aliyepiga piano sebuleni hakuusikia mjeledi. Kila mmoja angeweza kuapa kwamba mikono yake ni safi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwakomboa watumwa kwa fedha, mmoja mmoja. Deni la wengi likabebwa na wachache.

Turudi mahakamani. Portia anahubiri huruma kwa ufasaha, kisha anaigeuza sheria: achukue nyama, bali asimwage hata tone la damu. Shylock ameshindwa. Je, wahubiri wa huruma walimhurumia? Walimnyang'anya mali, nao wakamlazimisha abatizwe. Ndugu zangu, hapo Mkristo inampasa aone haya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitamka wazi kwamba hakuna mtu anayepaswa kulazimishwa kuipokea imani.

Na leo? Katika mitaa yetu kuna mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina: kausha damu. Mama lishe anakopa kwa ajili ya matibabu ya mtoto. Akichelewa kulipa, vyombo vinabebwa, jiko linabebwa, godoro linabebwa. Tunawalaumu wakopeshaji, na ni haki. Lakini tujiulize mama huyo alifikaje kwenye mlango wao. Pengine mumewe ni mlinzi wa nyumba ambayo mwenyewe huja Misa kila Dominika, na mshahara wake haujalipwa miezi miwili. Pengine mtaji wa mkopeshaji ni akiba ya muumini mwenzetu, apendaye faida asiulize imepatikanaje. Pengine Jumuiya ilijua kwamba mtoto anaumwa, ikasali, ikatawanyika. Kila Misa tunaungama pia dhambi ya kutotimiza wajibu; hizo ndizo sura zake.

Maandiko hayakukataza kukopeshana. Yalikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu (rej. Kumb 24:6). Jiwe la kusagia la leo ni cherehani, ni jiko, ni pikipiki ya kijana wa bodaboda. Tena mwaka 1462, kule Perugia, Wafransisko hawakuishia kuhubiri dhidi ya riba. Ingawa mahubiri ya baadhi yao yaliwachochea watu dhidi ya Wayahudi, nalo ni doa, walisaidia kuanzisha hazina ya kuwakopesha maskini kwa gharama ndogo.

Basi wiki hii tufanye mambo mawili. Mwenye mfanyakazi amlipe anachomdai kabla ya Dominika ijayo. Na kila Jumuiya iulize, kwa staha na bila kumwaibisha mtu, ni nani kati yetu amebanwa na deni, kisha ione mfuko wake unaweza kumtoa kwa namna gani. Tukisubiri mpaka kisu kinolewe, hotuba nzuri juu ya huruma haitatusaidia.

Mungu awabariki nyote. Amina.