Utumbo na Ugonjwa wa Akili: Karne Mbili za Kutafuta

Mwaka 1801, Philippe Pinel, daktari wa Paris aliyewatetea wagonjwa wa akili dhidi ya minyororo, aliandika kwamba wazimu kwa kawaida huanzia tumboni na kwenye matumbo, kisha ndipo hupanda kichwani. Habari za bakteria hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni subira ya kuwatazama wagonjwa wake: aliwaona wakikosa hamu ya kula, wakifunga choo na kukesha bila usingizi kabla hawajachachamaa. Mtazamaji yule alistahili warithi bora kuliko wale aliowapata.

Mwishoni mwa karne ya 19 vijidudu vilikuwa vimegunduliwa, na kila ugonjwa ukatafutiwa kijidudu chake. Mwaka 1887, Charles Bouchard wa Ufaransa alieneza fundisho kwamba chakula kinachooza utumboni huutia mwili sumu. Élie Metchnikoff, wa Taasisi ya Pasteur, aliushuku utumbo mpana wenyewe na kuwahimiza watu wanywe maziwa ya mgando. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, na mwaka huohuo Eugen Bleuler, akihutubia Berlin, aliupa jina la skizofrenia ugonjwa uliokuwa umeelezwa na Emil Kraepelin. Kraepelin naye alishuku kwamba chanzo chake ni sumu inayotengenezwa ndani ya mwili.

Dhana ilikuwa mezani. Aliyeipeleka kwenye chumba cha upasuaji ni Henry Cotton, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey. Cotton aliamini kwamba usaha uliojificha mwilini ndio unaotia sumu ubongo. Alianza na meno, akang'oa maelfu. Mgonjwa asipopona, zilifuata tezi za koo, na baada ya hapo utumbo mpana. Hakukuwa na viuavijasumu vya kumlinda mtu aliyepasuliwa tumbo. Cotton mwenyewe aliripoti kwamba karibu theluthi moja ya waliokatwa utumbo walifariki, huku akitangaza kwamba wagonjwa wake walio wengi wanapona. Wengine waliburutwa hadi kwenye kisu wakipinga kwa sauti.

Mwaka 1924 daktari kijana, Phyllis Greenacre, alitumwa na Adolf Meyer wa Johns Hopkins kuchunguza madai hayo. Alipitia mafaili, akawafuatilia wagonjwa mmoja mmoja, akakuta kwamba uponyaji uliotangazwa haupo na vifo ni vingi kuliko ilivyodhaniwa. Ripoti yake ilifungiwa, na upasuaji ukaendelea. Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu kila ninaposikia leo mtu akiahidi kuponya skizofrenia kwa njia ya tumbo, namkumbuka Greenacre na mafaili yake.

Halafu zikaja dawa. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker walianza kutumia klopromazini, na kwa mara ya kwanza sauti zinazomsumbua mgonjwa zikanyamazishwa kwa dawa. Utumbo ukasahaulika. Mmarekani Curtis Dohan alijaribu kuurudisha katika miaka ya 1960 kwa kuhusisha ngano na skizofrenia, lakini wachache walimsikiliza. Wakati huohuo dawa zenyewe zilikuwa zikiufanyia utumbo kazi ambayo haikuandikwa sana: nyingi hupunguza mwendo wake, na baadhi, hasa klozapini na olanzapini, humfanya mgonjwa anenepe haraka na kumkaribisha kwenye kisukari.

Njia ya kuwalisha bakteria wa utumboni, iliyokuja kuitwa pribiotiki, ilianzia kwingine kabisa, kwa watoto wachanga. Henry Tissier, naye wa Taasisi ya Pasteur, alikuta mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba vinyesi vya watoto wanaonyonya vimejaa aina moja ya bakteria, bifidobakteria. Baadaye ikabainika kwamba maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hao bakteria ndio wanaozila. Mwaka 1995 Glenn Gibson na Marcel Roberfroid wakaipa dhana hiyo jina la pribiotiki: chakula kisichomlisha mtu moja kwa moja, bali kinachowalisha bakteria wanaomfaa. Inulini iliyomo kwenye vitunguu na vitunguu saumu ni ya jamii hiyo, na wanga sugu wa ndizi mbichi na kiporo cha viazi hufanya kazi ya aina hiyohiyo. Vikifika utumbo mpana huchachuka, na bakteria hutoa asidi iitwayo butireti, ambayo hulisha ukuta wa utumbo na husaidia kutuliza uvimbe. Wahadza wa Ziwa Eyasi, wanaokula mizizi, ubuyu na matunda pori yenye nyuzinyuzi nyingi, wamekutwa na bakteria wa aina nyingi kuliko watu wa miji ya Ulaya.

Daraja la kufika kwenye ubongo lilijengwa Japani mwaka 2004, Nobuyuki Sudo na wenzake walipoonyesha kwamba panya waliokuzwa bila bakteria wowote hushtuka kupita kiasi wanapobanwa. Mwaka 2019 watafiti wa China waliwapandikizia panya kama hao bakteria wa watu wenye skizofrenia, na tabia za panya zikabadilika. Ni jambo la kusisimua, lakini panya hasikii sauti zinazomtukana usiku.

Kwa binadamu matokeo ni ya unyenyekevu zaidi, na kwangu ndiyo yenye thamani. Huko Baltimore, jaribio la Faith Dickerson na wenzake la mwaka 2014 liliwapa wagonjwa 65 bakteria hai au vidonge bandia kwa wiki 14. Dalili za akili hazikupungua zaidi kuliko kwa waliopewa vidonge bandia. Shida kubwa za choo ndizo zilizopungua. Oxford walijaribu pribiotiki ya sukari za maziwa na kuona nafuu fulani katika uwezo wa kufikiri. Maryland waliwapa wagonjwa waliolazwa inulini, na butireti ikaongezeka katika damu yao. Majaribio haya ni madogo na ya muda mfupi. Hakuna hata moja linaloruhusu mtu kuacha dawa zake, na anayeziuzia familia zilizokata tamaa unga wa nyuzinyuzi kama tiba ya skizofrenia anazidhulumu.

Hata hivyo nayatetea majaribio haya. Wenye skizofrenia hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao, wengi kwa moyo, kisukari na magonjwa mengine ya mwili ambayo hakuna aliyewauliza habari zake. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimika kuimarisha onyo kuhusu klozapini: kufunga choo kunakosababishwa nayo kunaweza kuziba utumbo na kuua. Mgonjwa aliyefunga choo namna hiyo hafai kuongezewa nyuzinyuzi za kukuza choo kabla ya kuchunguzwa, maana utumbo uliolala huzidi kujaa. Anahitaji muuguzi atakayemuuliza, kila anapofika kliniki kuchukua vidonge, alipata choo lini mara ya mwisho na kilikuwaje, kisha aliandike jibu lake kwenye faili.