Kuta za Nansio: kutoka nyasi hadi rangi ya ndoo

Msonge wa kale wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria chenye mji wa Nansio, uliezekwa nyasi hadi karibu na ardhi, hivyo haukuwa na ukuta wa nje wa kupakwa. Ukuta huo ulikuja na nyumba za pembe nne za miti na udongo. Ulisiribwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, na malipo ya wasaidizi yalikuwa chakula.

Matofali yalileta chokaa. Ililowekwa usiku kucha, ikachujwa kwa kitambaa, ikatiwa chumvi kidogo ili ishike. Hata hivyo mvua iliila, na kazi ikarudiwa.

Rangi ya maji ndiyo iliyomleta fundi rangi na mapatano yake: ufundi mtupu, au ufundi pamoja na vifaa. Mfano wa hesabu ya vifaa: ukuta wa mita 10 kwa 3 una mita za mraba 30. Lita 1 hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja wa rangi, kwa hiyo mikono miwili hula lita 6. Kisiwani hesabu hii ina uzito wa pekee, maana ndoo ya rangi inayotoka Mwanza huvuka ziwa kwa nauli. Mwenye nyumba makini hupima kuta kwanza, ndipo apatane bei, na hubakiza sehemu ya malipo hadi mkono wa mwisho ukauke.