Namba tatu zilizotoka baharini

Wadau, leo tuzame kwenye chuma kidogo. Huko Marekani na Ulaya kuna watu ambao raha yao ya wikiendi ni kununua mashine kuukuu ya kuchonga chuma, ile inayozungushwa kwa mkono, kisha wanaifunga mota za sevo na kuiunganisha na kompyuta ili iendeshwe kwa namba. Mashine ya namna hii ndiyo inaitwa CNC. Kufunga mota kunataka spana na subira tu. Kinachowakesha ni namba tatu: P, I na D. Ukizikosea, meza ya mashine inatetemeka na kunguruma, au inazubaa na duara linatoka kama yai.

Wengi wanadhani namba hizi zimeletwa na kompyuta. Hapana. Zimetoka kwenye usukani wa meli, na aliyezileta alikataliwa.

Anaitwa Nicolas Minorsky, Mrusi aliyehamia Marekani mwaka 1918. Mwaka 1922 alichapisha makala kuhusu meli kujiongoza yenyewe. Badala ya kuanza na mtambo, alianza na mtu: mshika usukani hodari anafanya nini hasa? Anaangalia meli imepotoka kiasi gani (hiyo ndiyo P). Lakini anaangalia pia inageuka kwa kasi gani, ili aanze kuizuia kabla haijapitiliza (D). Na kama upepo umekuwa ukiisukuma upande mmoja muda wote, anauzidisha usukani kidogo kufidia (I). Minorsky akayageuza hayo kuwa hesabu.

Jaribio lilifanyika kwenye manowari USS New Mexico. Bila D, meli iliyumba nyuzi 2 kila upande. Walipoongeza D, ikayumba sehemu moja tu ya sita ya nyuzi, na washika usukani wengi hawafikii hapo. Haya, unadhani Jeshi la Majini lilifanya nini? Liliachana nao! Mabaharia wenyewe waliupinga mtambo. Mimi siwalaumu sana, nani anapenda kuoneshwa kwamba kazi yake inafanywa na boksi? Mwaka 1930 Minorsky akauza hataza zake kwa kampuni ya Bendix.

Wazo halikufa, ila lilihamia viwandani, kwenye kudhibiti joto na mgandamizo. Huko ndiko J. G. Ziegler na N. B. Nichols, mwaka 1942, walikotoa kanuni ambayo mafundi wanaitumia mpaka leo. Zima I na D. Pandisha P mpaka mtambo uanze kuyumba bila kutulia. Pima yumbo moja linachukua muda gani, kisha rudisha P kwenye asilimia 60. I na D zinapatikana kutokana na ule muda. Tatizo ni kwamba kanuni hii inaruhusu kupitiliza kidogo kabla ya kutulia. Kwenye tanuri si neno. Kwenye kisu kinachokata chuma, kupitiliza ni kipande kimeharibika, ndiyo maana wenye mashine za nyumbani wanaanzia hapo halafu wanapunguza.

Mashine yenyewe ya namba ilizaliwa kwa John Parsons wa Michigan, aliyekuwa anatengeneza mapanga ya helikopta. Mwaka 1949 alipata mkataba wa Jeshi la Anga, akaiomba MIT, yenye maabara ya sevo, imsaidie. Baadaye MIT ikapatana moja kwa moja na jeshi na Parsons akabaki pembeni. Septemba 1952 maabara ilionesha mashine ya Cincinnati Hydro-Tel ikiongozwa na utepe wa karatasi wenye matundu. Hataza ya Parsons ilitoka mwaka 1958, na medali ya taifa aliipata mwaka 1985, yeye na mwenzake Frank Stulen.

Leo wengi wa hawa wa nyumbani wanatumia LinuxCNC, programu ya bure iliyotokana na kazi ya NIST, taasisi ya serikali ya Marekani. Fungua faili lake la mipangilio, utazikuta zimeandikwa kwa kila mhimili: P, I, D. Jina la Minorsky halimo.