Hita Ndogo na Hita ya Tangi Dogo

Maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, sawa na yale ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, huuza vifaa viwili tofauti kabisa kwa jina moja. Mteja akiomba "hita ndogo ya maji", anaweza kupewa kichwa cha shawa chenye koili ndani, kisichohifadhi hata glasi moja ya maji. Anaweza pia kupewa tangi la lita 10 au 15 la kutundika ukutani, lenye elementi, themostati na valvu ya usalama. Vyote viwili ni hita, na kila kimoja ni kidogo kwa macho. Neno la Kiingereza lililoandikwa kwenye maboksi yake wafasiri wenye haraka huligeuza kuwa "kompakti", na wenye haraka zaidi huligeuza kuwa "ndogo". Hiyo ya pili ndiyo iliyoenea, na ndiyo inayonisumbua, kwa sababu inasifia umbo la kifaa mahali ambapo msikilizaji anaelewa nguvu yake. Mtu akisikia kuwa hita ni ndogo, hudhani itatumia umeme mdogo, itatosheka na waya mwembamba, na labda hata kwenye soketi ya kawaida itachomekwa. Ukweli ni kinyume: katika familia hii ya vifaa, chenye umbo dogo kuliko vyote ndicho chenye njaa kubwa kuliko vyote.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Lita moja ya maji inahitaji kilojuli 4.2 hivi ili ipande nyuzi moja ya Selsiasi, na yuniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600. Tuchukue mtu anayetaka kuoga kwa lita 30 za maji ya nyuzi 40, yaani ndoo kubwa moja na nusu, na maji yanayotoka bombani yana nyuzi 20. Nishati inayohitajika ni yuniti 0.7. Hita yenye tangi la lita 15 na elementi ya wati 1,500 itayafikisha maji yake nyuzi 60 kwa dakika 28 hivi, kisha yatachanganywa na lita nyingine 15 za baridi kupata zile 30. Hita isiyo na tangi, ya wati 5,500, itapasha lita 30 hizo hizo zikiwa zinapita, kwa mwendo wa karibu lita nne kwa dakika, na kazi itakwisha kabla ya dakika nane. Ukiacha joto kidogo linalopotea kupitia ukuta wa tangi, yuniti zilizotumika zinalingana. Kilicho tofauti ni muda, na kwa sababu muda ni tofauti, mkondo wa umeme nao ni tofauti. Kwa volti 230, ile ya tangi huvuta ampea 6.5, na ile ya kichwa cha shawa huvuta ampea 24. Tangi linafanya kazi ya subira: linakusanya joto kidogo kidogo mtu akiwa bado kitandani. Koili haina pa kukusanyia, hivyo lazima itoe joto lote katika sekunde chache ambazo maji yako ndani yake. Kifaa kimekuwa kidogo kwa sababu kimeondolewa tangi, na kwa kuondolewa tangi kimelazimika kuwa na nguvu.

Hapo ndipo maneno ya Kiswahili cha kila siku yanapozidi kutupoteza. Tunasema hita "inakula umeme", na kauli hiyo hubeba maana mbili bila kuzitenganisha: kula yuniti nyingi kwa mwezi, na kuvuta mkondo mkubwa kwa wakati mmoja. Ya kwanza inahusu mfuko wa mwenye nyumba. Ya pili inahusu waya ulio ndani ya ukuta. Tunasema pia "umeme mdogo" tukiwa na maana kwamba volti zimeshuka, jambo ambalo nalo lina athari yake hapa: nguvu ya koili hufuata mraba wa volti, kwa hiyo hita ya wati 5,500 kwenye volti 230 hushuka hadi karibu wati 4,200 volti zikiwa 200, na maji huwa vuguvugu bila kifaa kuharibika. Fundi huitwa kutengeneza kitu kizima. "Ndogo" na "mdogo" zimekwisha kubebeshwa mizigo mingi katika lugha ya umeme, na kuziongezea mwingine ni kuwaonea wasikilizaji.

Pendekezo langu linategemea kitu ambacho Kiswahili kinacho tayari, nacho ni upatanisho wa kisarufi. "Hita ndogo ya tangi" na "hita ya tangi dogo" zina maneno yale yale, lakini katika ya kwanza udogo umepewa hita, na katika ya pili umepewa tangi. Sifa inahama mahali na kuacha ile n ya mwanzo, na pamoja nayo inahama maana yote ya kiufundi. Tangi ndilo linaloweza kuitwa dogo bila kudanganya, kwa sababu udogo wake hupimwa kwa lita, na lita huandikwa kwenye kibandiko. Basi ile yenye tangi iitwe hita ya tangi, na ikiwa ya lita 10 au 15, hita ya tangi dogo. Ile isiyo na tangi iitwe hita ya papo kwa papo. Sifa ya "ndogo" iondolewe kabisa kwenye neno hita, isipokuwa labda kwa mtu anayepima nafasi ya ukuta kwa sentimita. Anayetaka kifupi aseme hita ya tangi na hita ya papo, na hakuna atakayekosea.

Watetezi wa msamiati wa asili watauliza kwa nini nimeliacha neno "hita" likae, ilhali tuna vitenzi vya kutosha vya kuundia jina. Ni swali la haki. Kitenzi "kupasha" kinatoa kipasha maji, na "kukanza" kinaweza kutoa kikanza maji. Yote mawili ni mazuri kuliko "kichemshio" au "boila", kwa sababu kuchemsha ni kufikisha maji kwenye nyuzi 100, na hakuna hita ya bafuni inayopaswa kufika huko. Kama mwandishi wa kitabu cha shule atapenda kipasha maji, sina ugomvi naye: kipasha maji cha tangi, kipasha maji cha papo kwa papo, mantiki inabaki ile ile. Ila katika kazi yenyewe, hita imekwisha kukaa pamoja na swichi, soketi, plagi, waya na breka, na nguvu za kulifukuza neno lililokaa zingetumika vizuri zaidi kurekebisha sifa linalofuatana nayo. Historia ya istilahi zetu inaonyesha kwamba kiyoyozi na kikokotoo vilipokelewa, wakati tarakilishi, pamoja na juhudi zote, haikuiondoa kompyuta midomoni. Sioni sababu ya kuweka usalama wa bafu rehani kwenye bahati nasibu hiyo.

Pingamizi jingine hutoka kwa watu wa kazi: kibandiko kinaonyesha wati, fundi anajua kusoma, neno lina umuhimu gani? Umuhimu wake ni kwamba neno hutangulia kibandiko. Mwenye nyumba humwambia mpangaji kuwa "hita ipo", mpangaji hununua nyingine kwa simu, fundi huambiwa aje na waya "wa hita ndogo", na kibandiko husomwa mwisho, boksi likiwa limefunguliwa na risiti imeshatolewa. Mara nyingi kibandiko chenyewe kimeandikwa kwa Kichina, Kiingereza au Kireno, kwa kuwa Brazil ni mojawapo ya nchi ambako shawa za aina hii zimezoeleka sana. Jina linalobeba habari ya tangi humlazimisha kila mmoja katika mlolongo huo kuuliza swali sahihi mapema. Na "papo kwa papo" si msemo mgeni wa kukaririwa: wabunge wa Tanzania humuuliza Waziri Mkuu maswali ya papo kwa papo, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa kwamba majibu hayakuwekwa ghalani.

Wapo pia wanaosema "shawa ya moto" inatosha. Haitoshi, kwa kuwa inataja matokeo na kunyamazia chanzo. Maji ya mtambo wa jua juu ya paa nayo hutoka kwa shawa ya moto.

Majina hayo mawili yakikubaliwa, kuchagua na kufunga hugawanyika penyewe. Hita ya papo kwa papo ya wati 5,500 inataka laini yake peke yake kutoka meinswichi, waya wa shaba usiopungua milimita 4 za mraba, na wa 6 ikiwa umbali ni mrefu, breka ya ampea 32, na swichi inayokata nyaya zote mbili, iliyowekwa mahali ambapo mkono wenye maji hauifikii. Soketi yetu ya kawaida ina kikomo cha ampea 13, ambazo kwa volti 230 ni wati 2,990. Kuchomeka humo kitu cha wati 5,500 ni kuigeuza plagi yenyewe kuwa hita. Waya wa ardhi ni sharti, hasa kwa sababu katika nyingi ya shawa hizi maji hugusa koili moja kwa moja. Maji ya kisima yenye chumvi hupitisha umeme zaidi kuliko maji ya mvua, kwa hiyo anayetumia kisima atafute aina iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambayo koili yake imevikwa. Pamoja na waya wa ardhi kiwepo kifaa kinachokata umeme mara unapoanza kuvuja. Breka ya kawaida haifanyi kazi hiyo, kwani kiasi cha umeme kinachoweza kumuua mtu ni kidogo mno kuiamsha. Fundi anayeunganisha waya wa ardhi na bomba la maji huku mabomba ya nyumba ni ya plastiki hajaunganisha chochote.

Jambo la pili ambalo wengi hugundua baada ya kulipa ni presha. Ndani ya hita ya papo kwa papo kuna utando wa mpira unaosukumwa na maji ili uunganishe njia ya umeme. Simtanki lililo mita mbili juu ya kichwa cha shawa linatoa presha ya sehemu moja ya tano tu ya bar, na hita nyingine hazitawaka kwa msukumo huo. Hita ya tangi haina shida hiyo, ila ina zake. Lita 15 ni kilo 15 kabla ya kuhesabu chuma, kwa hiyo skrubu zishike tofali zima, zisishike plasta. Maji yakitoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka ujazo kwa asilimia 1.5 hivi, sawa na robo lita katika tangi hilo, na ongezeko hilo lazima lipate pa kutokea. Ndiyo kazi ya ile valvu ya usalama inayodondosha matone, ambayo fundi asiyejua huiona kama inavuja na kuiziba. Tangi lililozibwa valvu, themostati yake ikishindwa siku moja, huwa bomu ukutani. Kwa hiyo bomba dogo la kupokea matone hayo si pambo, na nyuzi 60 zenyewe ni kiwango kinachofaa, kwa kuwa maji yanayolala kwenye uvuguvugu hulea bakteria.

Kuhusu gharama, nimekwisha sema yuniti zinalingana, lakini kuna mahali ambapo hita zote mbili huumiza kwa pamoja. Watu wanne wakioga mara moja kwa siku, kila mmoja kwa yuniti 0.7, mwezi una yuniti 84. Nchini Tanzania mteja wa nyumbani aliyewekwa kwenye kundi la matumizi madogo hunufaika na bei nafuu asipozidi yuniti 75, na hita peke yake, kabla ya taa na friji, inamtoa humo. Mkazi wa Tanga au Mombasa, ambaye maji ya bomba lake tayari yana nyuzi 27 au 28, anahitaji karibu theluthi mbili tu ya joto hilo. Kwake hita ya papo kwa papo yenye wati chache inaweza kutosha, wakati kwa mkazi wa Njombe au Limuru kifaa hicho hicho kitatoa mchirizi.

Na hapo linakuja lile bomba la sinki lenye skrini ndogo ya kuonyesha nyuzi, linalouzwa likiwa na plagi yake na kuandikwa wati 3,000 au 3,300. Wauzaji huliita bomba, kana kwamba ni kazi ya fundi bomba peke yake. Halina tangi, hivyo ni hita ya papo kwa papo, na maswali yake ni yale yale: laini, breka, waya wa ardhi. Wati 3,300 kwa volti 230 ni ampea 14.3, na plagi iliyokuja nayo ina fyuzi ya 13.